Hali Ikigeuzwa Asili

Kondakta wa daladala hapa Dodoma anaita "Kikuyu, Kikuyu!" na abiria wanapanda, kila mmoja na mawazo yake. Kikuyu ni kata mbili za mji huu, Kaskazini na Kusini. Ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Ni nyumba za kupanga, magenge ya mboga, vijiwe vya bodaboda. Jina hilohilo, mwanzoni mwa Januari 2008, lilitosha kumuua mtu katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Tarehe 1 ya mwezi huo, katika kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, wanawake na watoto wa Kikuyu waliokimbilia humo walichomwa moto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima katika ghasia zile, na redio zinazotangaza kwa lugha za makabila zikatajwa miongoni mwa vilivyowasha moto.

Herufi ni zilezile. Kilichotofautiana ni yale ambayo watu walikuwa wameambiwa kwa miaka mingi kuhusu wenye jina hilo: kwamba ni wanyang'anyi wa ardhi, kwamba ndivyo walivyo. Nataka kuuliza vyombo vya habari huongeza nini hasa juu ya jina la watu mpaka liwe sababu ya kumdharau mtu, au ya kumuua.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba huchochea. Ni kweli, lakini uchochezi ni hatua ya mwisho. Kabla hujaambiwa umchukie jirani yako, lazima uwe umekwisha kuambiwa jirani huyo ni mtu wa namna gani, nawe ukaamini kwamba hawezi kuwa vingine. Kazi hiyo ya awali haina kelele. Hufanywa na watu wapole, wengi wao bila nia mbaya, katika habari za jioni, katuni, vichekesho na makala za safari. Kazi yenyewe ni moja: kuchukua hali ya watu, jambo lililoletwa na mvua, bei, vita na amri za wakubwa, na kuitangaza kuwa asili yao. Mfano ninaouona kwa macho yangu ni wa Wagogo, wenyeji wa nchi hii ninayokaa.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipita Ugogo akienda Ujiji kumtafuta David Livingstone. Misafara ya pwani ilipita hapa ikielekea Unyamwezi na Maziwa Makuu, na ilipopita ililipa hongo, yaani ushuru wa nguo na shanga kwa watemi waliomiliki njia na visima. Katika nchi kavu mwenye kisima ndiye mwenye neno. Stanley alilipa Mvumi, akalipa na mbele yake, na manung'uniko yake yamejaa katika kitabu alichochapisha mwaka 1872. Humo Mgogo ni mtu mwenye nguvu na majivuno, mwenye kudai bila woga. Richard Burton, aliyetangulia kupita mwaka 1857, alikuwa amekwisha kuwaandika Wagogo kuwa wezi.

Ruka sasa zaidi ya miaka mia moja, ufungue magazeti ya Dar es Salaam. Yule mtu mwenye majivuno hayupo. Mgogo wa magazetini ni ombaomba, amekaa chini ya mti au kwenye taa za barabarani, mkono umenyooshwa. Ni watu walewale, katika ardhi ileile, na wengi wao ni wajukuu na vitukuu wa waliomdai Stanley nguo. Kama asili ni kitu kisichobadilika, basi kati ya picha hizi mbili angalau moja ni ya uongo. Mimi naamini zote mbili ni za uongo, tena kwa sababu moja. Mwaka 1871 mwandishi alihitaji maji ya Mgogo, akaombwa malipo. Miaka ya karibuni mwandishi anapita barabarani akaombwa sarafu. Mara zote mbili aliyeshika kalamu ndiye aliyeombwa, na kero yake ya kuombwa ameiandika kuwa tabia ya anayeomba. Uwezo ulipokuwa kwa Mgogo, kuomba kwake kuliitwa jeuri. Ulipohamia kwa mwenye kalamu, kukaitwa uvivu.

Tazama jinsi habari moja inavyotengenezwa. Kila baada ya muda uongozi wa jiji la Dar es Salaam hutangaza kuwaondoa ombaomba, na mwandishi hutumwa barabarani na mpiga picha. Anamkuta mama ana mtoto mgongoni na bakuli la plastiki mkononi. Swali la kwanza: "Unatokea wapi, mama?" "Dodoma." Hapo habari imepatikana. Hamuulizi mvua zilikatika lini kwao, alivuna madebe mangapi ya uwele, gunia la mahindi linauzwaje mnadani, mume yuko wapi. Maswali hayo yangeleta jibu la mwaka huo, na mwakani yangeleta jingine. "Dodoma" ni jibu la miaka yote. Aliyesimama hatua kumi mbele yake akisema anatoka Morogoro, Tabora au hapohapo Temeke, jibu lake halibebi chochote, linaachwa.

Katika habari hiyo huoni uongo hata mmoja. Mama yupo, ametoka Dodoma, anaomba. Hapa ndipo ninapoona ugumu wenyewe, na ndipo wanaotetea vyombo vya habari kwa kusema vinaonyesha tu yaliyopo wanapokosea. Kila habari inaweza kuwa kweli na jumla yake ikawa uongo. Habari huishi kwa jambo lisilo la kawaida. Mgogo anayepalilia mtama wake Mpwayungu, anayechuma zabibu Hombolo, anayefundisha hesabu Kongwa, si habari. Ombaomba ni habari. Kwa hiyo anayeishi mbali anaijua nchi nzima kwa yale yasiyo ya kawaida, akiamini hiyo ndiyo kawaida yake. Anayeishi jirani anapata masahihisho kila siku: anamwona Mgogo sokoni, kazini, kanisani, anagombana naye, anamkopesha, anakopeshwa. Wa mbali hana pa kusahihishwa. Walter Lippmann, mwandishi wa habari wa Marekani, aliandika mwaka 1922 kwamba mtu hutenda kwa kufuata picha ya dunia iliyomo kichwani mwake kuliko dunia yenyewe. Ningeongeza kwamba kadiri watu wanavyokuwa mbali nasi, ndivyo picha yao inavyozidi kutengenezwa na mtu mwingine.

Tuje kwenye hali yenyewe, maana wengi hawajaambiwa. Dodoma hupata mvua za milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, zote katika msimu mmoja unaoanza Desemba na kuisha Aprili. Zikikatika Februari, uwele unakaukia shambani. Wagogo waliijua nchi hiyo na walikuwa na njia zao: ng'ombe waliotawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame wa mahali pamoja usiwamalize, na desturi ya kuhemea, kwenda kwa watu waliovuna na kurudi na nafaka kwa kubadilishana mifugo, kwa kufanya kazi, au kwa udugu tu, kwa matumaini kwamba mwaka ukigeuka atakuja yeye. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waingereza walipoingia wakachukua tena. Mvua nazo zikagoma. Njaa ya Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, iliua maelfu na kuwasambaza waliobaki. Njaa nyingine zilifuata. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ikawahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa, na mifugo yao pamoja nao, katika ardhi isiyostahimili msongamano. Mtu anayepanda treni ya Reli ya Kati kwenda mjini kiangazi anahemea, ila sasa anahemea kwa watu ambao hawana udugu naye wala hawatarajii kumwomba kesho.

Kongwa, mashariki ya hapa, kuna ushahidi mwingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Ugogo kwa matrekta, wataalamu na fedha za umma ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula kwao. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukavunja zana, mvua zikawa haba, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umefutwa kwa hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Yameandikwa mengi juu ya karanga za Kongwa. Lawama zilikwenda kwa mipango mibaya, udongo, mvua na mashine zisizofaa. Sijapata kusoma mahali popote kwamba Waingereza kwa asili yao ni watu wasioweza kilimo. Ardhi ileile, ukame uleule. Mwingereza aliposhindwa alielezewa kwa hali, Mgogo aliposhindwa akaelezewa kwa asili. Tofauti hiyo ndiyo ninayoiita ubaguzi. Haihitaji tusi. Inahitaji tu kwamba mmoja anapewa sababu na mwingine anapewa tabia.

Nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya utani, na Watanzania tunataniana. Nauheshimu utani mno kiasi cha kutokubali ubebe lawama hii. Utani wa makabila ni mkataba. Mtani akija msibani analia kilio cha uongo, anamwiga marehemu mbele ya wafiwa, anaingia kaburini akalala na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi, anayekata kuni, anayehudumia wageni wakati wafiwa hawana nguvu. Akikutania, una haki ya kumtania, na akifiwa utakwenda kwake. Anayecheka anajulikana jina, kwao panajulikana, na deni lake linajulikana. Ndiyo maana Mpare na Mchaga wanaweza kuambiana maneno mazito na jioni wakala pamoja.

Kipaza sauti kimeuchukua utani kikaacha mkataba. Hapa Kikuyu niliwahi kukaa kijiweni simu moja ikipita mkono kwa mkono: mchekeshaji, kavaa matambara, anaiga matamshi ya Kigogo na kuomba hela kwa sauti ya kujivutavuta. Watu walicheka, na mzee mmoja Mgogo alicheka nao. Kisha akauliza kwa utulivu, "Huyu kijana ni mtani wa nani?" Hakuna aliyejua. Kijana yule hatachimba kaburi Chamwino. Hakuna wa kumjibu kwa namna atakayoisikia, na waliomtazama ni wengi kuliko watakaowahi kukanyaga Dodoma. Dhihaka isiyo na wajibu wala nafasi ya kujibiwa si utani, hata tukiibandika jina hilo.

Taifa hili lilijaribu kujikinga, na lazima tuliseme hilo kwa haki. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila. Radio Tanzania ilitangaza kwa Kiswahili kutoka Dar es Salaam, na mpaka leo kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Benedict Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu chimbuko la utaifa, alionyesha jinsi watu wasioonana wanavyojiona taifa moja kwa kusoma habari zilezile siku ileile. Kwetu kazi hiyo ilifanywa zaidi na redio ya mbao iliyowekwa juu ya kabati, na mkulima wa Bahi akasikia taarifa ya habari saa mbili usiku pamoja na mvuvi wa Kilwa. Naamini jambo hilo limeokoa roho za watu. Ukitazama yaliyotokea kwa majirani zetu ni vigumu kuamini vingine.

Lakini kunyamaza kuna gharama yake. Kabila lilipofungiwa mlango mkuu, liliingia kwa madirisha mawili tu: ngoma na kichekesho. Tulimsikia Hukwe Zawose na zeze lake na ilimba yake, na ni fahari kwetu sote. Hatukusikia kuhusu Mtunya. Hatukusikia kwa nini Wagogo walikuwa na visima na watemi, jinsi walivyopanga mifugo yao, nani alichukua nini. Watu ambao historia yao haisemwi wanabaki na tabia tu, maana tabia ndiyo kitu pekee kilichobaki cha kusemwa juu yao. Na historia hiyo iliandikwa! Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, mshairi aliyetukuza Kiswahili na kueneza ngonjera shuleni, alichapisha mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili, ili Mzanaki na Mmakonde wakisome pia. Hakuona mgongano kati ya kuwa Mgogo na kuwa wa taifa. Wanafunzi wengi waliokariri mashairi yake hawakuambiwa kabila la mtunzi, na walioambiwa habari za ombaomba waliambiwa daima.

Kwingine hali ilipogeuzwa asili, mambo hayakuishia kwenye dharau. Unguja ya miaka ya 1950 ilikuwa na magazeti mengi kwa kisiwa kidogo, na Mwongozi na Afrika Kwetu yalibishana wiki kwa wiki juu ya nani mstaarabu, nani mgeni, nani mtumwa wa jana. Walioandika walikuwa watu wa heshima, waliosoma. Juni 1961, uchaguzi ulipoleta ghasia, waliuawa watu 68.

Rwanda ilikwenda mbali zaidi. Redio RTLM ilianza Julai 1993 na ikapendwa haraka, kwa sababu ilichangamka: muziki mzuri, lugha ya mtaani, mizaha, watangazaji waliozungumza kama vile wamekaa nawe baa. Mizaha ilitangulia, majina ya wa kuuawa yakafuata. Kesi ya waliohusika ilisikilizwa Arusha, katika ardhi yetu, na tarehe 3 Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, walihukumiwa. Rufani ya Novemba 2007 ilipunguza adhabu zao, na ndani yake kuna jambo ambalo kila mwandishi wa habari angelitafakari. Majaji walikubali kwamba RTLM ilieneza chuki ya kikabila kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, mauaji yalipoanza, lakini hawakuridhika kwamba matangazo hayo ya awali yalithibitika kuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Siwalaumu. Sheria haina budi kudai ushahidi wa amri. Ila maana yake ni kwamba sheria humkamata mtu katika hatua ya mwisho, na miezi yote ile ambapo Mtutsi alikuwa akifanywa kiumbe wa aina nyingine inabaki nje ya mkono wake. Sehemu hiyo haina mlinzi isipokuwa dhamiri ya anayeandika.

Silinganishi Dodoma na Kigali. Hapa hakuna anayenoa panga. Lakini hapa pia picha inafanya kazi, na leo inafanya kazi kuhusu ardhi. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Kwa miongo mingi uamuzi ulitekelezwa nusunusu, mpaka Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahama, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mashamba ya uwele yamekuwa viwanja. Ukikaa na wanunuzi utasikia hadithi ya Mgogo aliyeuza eka zake kwa bei ya pikipiki, na hadithi hiyo husimuliwa kwa kicheko, ikimaliziwa na "hawa hawajui thamani ya ardhi". Angalia hadithi hiyo inamfanyia nini msimuliaji. Yeye ndiye aliyenunua kwa bei hiyo, au anatamani angekuwa yeye. Alijua kwamba barabara inakuja, muuzaji hakujua. Au muuzaji alijua, lakini alikuwa na njaa. Kama ujinga ni asili ya Mgogo, mnunuzi hana deni la dhamiri. Picha iliyotengenezwa kwenye taa za barabarani za Dar es Salaam imehamia Dodoma kumfutia mtu deni lake.

Na mtoto wa Kigogo aliyeingia chuo hapa Kikuyu anaisikia. Wapo wanaojibu "natoka kanda ya kati" wakiulizwa kwao, wakaishia hapo. Wapo wanaoiga sauti ya ombaomba kabla hawajaigwa, ili kicheko kiwe chao. Na siku moja watatokea watakaojibu kwa hasira, wakimkusanya kila mgeni katika jina moja la mnyang'anyi, na hapo tutakuwa tumetengeneza kwa mikono yetu kabila la namna ambayo Mnyampala hakuijua: kabila lisilojitambua kwa mila zake bali kwa jeraha lake. Utambulisho wa aina hiyo ndio wanasiasa wanaoutafuta wakikosa hoja.

Kwa hiyo nina ombi kwa wahariri. Bunge liko hapa, wizara ziko hapa, na waandishi wenu wengi wanalala Dodoma. Kutoka geti la Bunge mpaka Mvumi, aliposimama Stanley kulipa ushuru, ni mwendo wa chini ya siku moja kwa gari. Watumeni. Wasiende na kamera ya kutafuta umaskini. Waulize mvua za mwaka huu, bei ya uwele, nani alilipwa fidia ya shamba na nani hakulipwa, na kwa kiasi gani. Na habari ya ombaomba ikirudi mezani kwenu, kama kabila la yule mama limetajwa bila sababu iliyomtoa nyumbani kutajwa pia, irudisheni kwa aliyeiandika akaulize tena.